Msamvu 2019: dakika ambazo hazikuwa na mwenyewe

Jumamosi tarehe 10 Agosti 2019, asubuhi kwenye saa mbili hivi, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, jirani na stendi kuu ya mabasi. Anayepajua pale hahitaji kuelekezwa, ndipo barabara ya kutoka Dar inapogawanyika, huku Dodoma huku Iringa mpaka Tunduma, malori ya mafuta ya kwenda Zambia na Kongo yanapita usiku na mchana na watu wa pale wameyazoea kama daladala. Ilikuwa wikiendi ya kuelekea Idi. Tenki likaanza kumwaga petroli, watu wakaja na madumu na ndoo, bodaboda wakaja na pikipiki zao, wengine wakasimama tu kuangalia, na baada ya muda ule mzigo ukawaka na watu wote wakiwa pale pale. Siku hiyo waliofariki walikuwa kama 60 hivi. Wiki zilizofuata namba ikapanda kidogo kidogo mpaka ikavuka 100.

Hapo kwenye "kidogo kidogo" naomba tupashike vizuri maana watu wengi wakiongelea Msamvu wanaongelea moto tu. Mimi ni nesi wa emejensi, sikuwepo Morogoro siku ile, nilikuwa zamu sehemu nyingine kabisa nafuatilia kwenye simu kama Mtanzania yeyote, lakini kisa hiki nimekirudia mara nyingi sana kwenye vikao vya maandalizi na kila nikikirudia naona kitu kile kile. Kuna muda ulipita kati ya lori kulala na moto kuwaka, na ule muda haukuwa na mwenyewe. Halafu kuna zile wiki baada ya moto, wakati kamera zimeshaondoka na watu wanaendelea kufa wodini, na zile nazo kwenye mipango mingi ya maafa niliyosoma hazipo, mpango unaishia pale majeruhi wa mwisho anaposhushwa kwenye gari.

Kwanza niseme hili la tamaa. Baada ya ajali kila mtu alikuwa na hukumu yake, ooh wameiba mafuta, ooh umaskini, ooh wajinga. Mimi naona kwa mtu anayepanga huduma za dharura hiyo mada haimsaidii hata kidogo. Sachangwan kule Kenya Januari 2009, lori limelala, watu wamekuja kuchota, zaidi ya watu 110 wamekufa. Sange, Kivu Kusini kule Kongo, Julai 2010, zaidi ya 200. Freetown, Sierra Leone, Novemba 2021, zaidi ya 140. Nchi nne tofauti, na kila mahali watu wamejaa kwenye lori kabla msaada haujafika. Sasa kitu kinachotokea kila mara hakiwezi kuitwa bahati mbaya ya siku moja, hicho ni sehemu ya ajali yenyewe, kama vile moshi ni sehemu ya moto. Lori la mafuta likilala karibu na makazi, watu watakuja. Mpango unaoanza na "wananchi wanaombwa wasisogee" bila kusema nani anawazuia, anasimama wapi, na anafika baada ya dakika ngapi, huo nauita tangazo, haujafika kuwa mpango.

Na petroli haina subira. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu ukapotea, unatambaa chini chini, unaingia kwenye mitaro, unakaa kwenye mabonde ya barabara, mtu anaweza kuwa mbali kabisa na tenki na bado amesimama ndani ya mvuke bila kuuona. Habari za wakati ule zilitaja mtu aliyekuwa anataka kuchomoa betri ya lori na cheche ikaruka. Iwe betri iwe kitu kingine, kwa hali ile pikipiki moja tu kupigwa stati ingetosha. Ndo maana nasema kumtafuta yule aliyewasha ni kazi ya uchunguzi, lakini kwa maandalizi jibu ni kwamba palikuwa na vitu vya kuwasha vingi kuliko watu wa kuvizuia.

Kuna kibao cha rangi ya chungwa nyuma na pembeni ya malori haya, nadhani umeshakiona mara mia bila kukisoma. Juu kimeandikwa 33, chini 1203. Hiyo 1203 ni petroli dunia nzima, na 33 maana yake kimiminika kinachowaka haraka sana. Mwongozo wa kimataifa wa wazima moto kwa namba hiyo unasema mafuta yakimwagika tu, watu wakae mita 50 kila upande, yakimwagika mengi fikiria kuwaondoa walioko upepo unakoelekea mpaka mita 300, na tenki likishika moto ni mita 800. Mita 800! Pale Msamvu ukipima mita 800 unameza stendi, maduka, kijiwe cha bodaboda na nyumba za watu. Namba hizi trafiki wa kwanza kufika angetakiwa awe nazo kichwani, na siyo trafiki peke yake, mwenyekiti wa mtaa, mlinzi wa stendi, kiongozi wa kijiwe cha bodaboda, maana hao ndo wanafika mwanzo. Zimamoto namba yao ni 114 na wakija wanahitaji povu, moto wa petroli ukiumwagia maji tu mafuta yanaelea juu ya maji na moto unasafiri nayo. Lakini zimamoto hata wakiwa wazuri vipi, wanatoka kituoni. Bodaboda yuko pale pale.

Sasa twende hospitali, hapa nina mengi ya kusema.

Ajali kubwa ikitokea mjini, wagonjwa hawaji kwa mpangilio uliochorwa kwenye karatasi. Wanakuja kwa bajaji, kwa pikipiki, nyuma ya pikapu, mbio mbio, kwenye hospitali ya kwanza dereva anayoifahamu. Na mara nyingi wa kwanza kufika sio walioumia zaidi, ni wale wanaoweza kupanda usafiri wenyewe. Hospitali ikijaza vitanda vyake vya kwanza kwa hao, wale wazito wakifika baada ya nusu saa wanakuta vitanda vimejaa na manesi wameshagawana kazi. Kwa hiyo mlangoni lazima kuwe na mtu mmoja mwenye uzoefu ambaye hatibu mtu yeyote, kazi yake ni kuangalia na kutoa rangi tu: nyekundu anaingia sasa hivi, njano anasubiri akiangaliwa, kijani anaenda pembeni, nyeusi ndo wale ambao wamefariki au hatuwezi kuwaokoa. Ni kazi ngumu mno moyoni, nimewahi kuifanya kwenye ajali ya basi, sitasema zaidi ya hapo.

Ila majeraha ya moto yana mtego wake na huu mtego natamani kila mtu wa mapokezi aujue. Ule mpangilio wa kawaida unasema anayetembea mwenyewe ni kijani. Mtu aliyeungua asilimia 70 ya mwili kwa petroli anaweza kuja kwa miguu yake, anaongea, anakutajia jina lake na namba ya simu ya mke wake, anakwambia mhudumie huyu kwanza mimi niko sawa. Halii kwa sababu ngozi imeungua mpaka mishipa ya fahamu, hasikii maumivu pale palipoungua zaidi. Ukimpa kijani ukamkalisha kwenye benchi, baada ya masaa machache koo limevimba kwa sababu alivuta hewa ya moto, sauti inabadilika inakuwa ya kukwaruza, na mrija wa kupumulia ambao ungeingia kirahisi kooni saa nne asubuhi, saa nane mchana hauingii tena. Kwahiyo kwenye moto angalia puani kama vinyweleo vimeungua, angalia masizi mdomoni, msikilize sauti. Usidanganyike na miguu inayotembea.

Halafu dripu. Tupige hesabu pamoja, maana nikiwaambia viongozi "tunahitaji akiba" wananiitikia tu, lakini nikipiga hii hesabu ubaoni kikao kinanyamaza. Kanuni inayotumika sana ni mililita 4, mara kilo za mgonjwa, mara asilimia ya mwili iliyoungua, na hayo ni ya masaa 24 ya kwanza, nusu yake iingie ndani ya masaa 8 tangu alipoungua, sio tangu alipofika kwako. Chukua kijana wa kilo 60 aliyeungua asilimia 50. Nne mara sitini mara hamsini ni mililita 12,000, yaani lita 12. Chupa zetu ni za nusu lita, kwa hiyo ni chupa 24 kwa mtu mmoja kwa siku moja, na 12 kati ya hizo ziingie ndani ya yale masaa nane. Sasa wawe 40. Chupa 960. Kwa siku moja. Nenda kwenye stoo ya hospitali yoyote ya mkoa siku ya Jumamosi asubuhi uulize chupa za Ringa, yaani maji ya dripu yenyewe, ziko ngapi, na umuulize pia mwenye funguo yuko wapi.

Na chupa peke yake sio tiba. Kila mmoja anahitaji kanyula mbili kubwa, ile mirija midogo ya kuingiza dripu kwenye mshipa, kwenye ngozi iliyoungua mshipa hauonekani na plasta haishiki, unaishia kuifunga kwa bandeji. Anahitaji katheta, mrija wa kutolea mkojo, kwa sababu mkojo ndo unakwambia kama maji yanatosha, unataka kama mililita 30 kwa saa kwa mtu wa kilo 60, ikipungua unaongeza dripu, ikizidi sana unapunguza, maana ukimjaza maji kupita kiasi unamuua kwa njia nyingine. Hiyo inamaanisha nesi anarudi kwa kila mgonjwa kila saa, anasoma mfuko, anaandika. Wagonjwa 40 wazito na manesi sita wa zamu ya wikiendi, hesabu hiyo fanya mwenyewe. Kuna dawa za maumivu, ketamini na mofini, ambazo zinakaa kabatini kwa kufuli na vitabu vya kusaini, utaratibu mzuri kabisa kwa siku za kawaida. Kuna gozi. Kuna blanketi, ndiyo blanketi, mtu aliyepoteza ngozi anapoteza joto hata Morogoro mchana, na wale waliomwagiwa maji mengi ya baridi njiani wanafika wanatetemeka. Kwa kufunika vidonda mwanzoni hata ile nailoni laini ya kufunikia chakula inafaa sana, safi, haigandi, daktari anaona kidonda bila kukifungua. Ni rahisi na ni ya dukani, hakuna sababu ya kutokuwa na boksi zima.

Siku ile wagonjwa walipelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa wa Morogoro, na zaidi ya 40 wakasafirishwa kwenda Muhimbili. Uamuzi wa kuwapeleka naukubali kabisa, emejensi ya kisasa Muhimbili ilifunguliwa 2010 na ICU, vyumba vya wagonjwa mahututi, za kulaza watu wa namna ile hazipatikani kila mkoa. Lakini kusafirisha mgonjwa wa moto karibu kilomita 200 ni tiba kamili inayofanyika barabarani. Kabla gari halijaondoka lazima ujibu maswali yasiyo na mzaha: njia ya hewa itabaki wazi mpaka Dar au tumuwekee mrija sasa? dripu ziko ngapi ndani ya gari? oksijeni inatosha masaa matatu na foleni ya Kimara? nesi anayeenda naye atarudi lini na nani anabaki na waliobaki? Kila ambulensi inayoondoka inaondoka na nesi au daktari, kwa hiyo unapotoa wagonjwa unatoa pia watumishi, na hospitali ya mkoa inabaki na mochwari iliyojaa, ndugu getini, na akina mama wanaojifungua ambao hawajui habari ya lori.

Ndugu getini. Hili watu wanalipita haraka na mimi nisingependa. Siku kama hiyo kila familia ambayo mtoto wao anaendesha bodaboda na simu yake haipatikani inakuja hospitali. Wakikosa pa kwenda wanaingia wodini, wanafungua mashuka mmoja mmoja. Hawana kosa, ungekuwa wewe ungefanya hivyo hivyo. Dawa yake ni chumba kimoja au hata turubai moja, mtu mmoja mwenye daftari na sauti ya upole, maji ya kunywa, na taarifa kila baada ya nusu saa hata kama taarifa ni "bado". Na miili ya Msamvu mingi haikutambulika kwa sura, sampuli za vinasaba zilichukuliwa, mazishi yalifanyika makaburi ya Kola kesho yake wakati wengine bado hawajajua mtu wao ni yupi kati ya wale. Fikiria mzazi anayesubiri majibu ya maabara ili ajue kaburi la mwanae ni lipi. Kuweka namba kwa kila mwili, mahali ulipookotwa, kipande cha nguo, funguo, pete, hiyo ni kazi ya maandalizi kama ilivyo dripu, na inahitaji watu waliofundishwa mapema, mhudumu wa mochwari peke yake hawezi.

Serikali ilitangaza siku tatu za maombolezo. Bendera nusu mlingoti. Siku ya nne bendera ikapanda, na wodini kazi ndo kwanza ilikuwa imeshika kasi. Ngozi ndiyo ukuta wa mwili, ukuta ukibomoka bakteria wanaingia, na kuanzia siku ya tatu, ya nne kwenda mbele ndo mgonjwa aliyevuka siku ya kwanza anaanza homa, figo zinachoka, presha inashuka. Kubadilisha gozi kwa mgonjwa mmoja mwenye majeraha makubwa kunachukua saa nzima au zaidi na manesi wawili watatu, na siku inayofuata unarudia. Chakula lazima kiwe kingi kupita cha mtu mzima wa kawaida, mayai, maziwa, uji ulioongezwa mafuta, wengine kwa mpira wa puani. Upasuaji wa kupandikiza ngozi unakula damu, ndo maana ile foleni ya kuchangia damu siku ya tukio, ambayo inatutia moyo sana, ingefaa igawanywe, wewe njoo leo, wewe tunakuandika jina tutakupigia wiki ijayo. Damu ya wiki ijayo ndo inakosekana.

Kwahiyo ukiniuliza Msamvu ilifeli wapi, mimi siwezi kusema hospitali. Kwa majeraha ya aina ile, watu walioungua zaidi ya nusu ya mwili na mapafu juu yake, hata hospitali tajiri zinapoteza wengi. Waliokufa wodini wengi walishakuwa wamekufa pale barabarani, tulikuwa tu hatujakubali, na tulikuwa sahihi kutokukubali. Nafasi kubwa kabisa ya kuokoa watu ilikuwa kabla ya moto, na ile nafasi ilikuwa mikononi mwa yeyote aliyekuwa amesimama Msamvu saa mbili asubuhi.

Sheria ya maafa tunayo, ya 2015 na baadae ya 2022 iliyokuja kuchukua nafasi yake, kamati za maafa zipo kwenye karatasi mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Karatasi naiheshimu. Lakini nisimulie kitu kimoja nilichokiona kwa macho. Hospitali moja niliyowahi kufanya kazi, siitaji, tulikuwa na boksi la maafa, limepangwa vizuri kweli, kadi za rangi, vizibao vya kung'aa, kanyula, mikasi ya kukatia nguo. Tukafanya zoezi la ghafla. Filimbi imepigwa, "majeruhi" ni wanafunzi wa uuguzi wamepakwa rangi nyekundu, wamelala uwanjani wanapiga kelele vizuri tu, tumekimbia kwenye stoo na funguo zipo kwa mtu aliyekuwa likizo Singida. Dakika 25 tumetafuta. Mwisho fundi akakata kufuli kwa msumeno, na mwanafunzi mmoja aliyekuwa amepewa kadi ya "anavuja damu" alikuwa ameshaamka anatafuta kivuli. Niliona aibu mpaka leo. Sasa hivi lile boksi limefungwa kwa kizibo cha plastiki unachokivunja kwa mkono, na kila Jumatatu anayeingia zamu anakiangalia na kusaini. Gharama yake karibu na bure.

Zoezi lililofuata tuliomba kijiwe cha bodaboda cha jirani waje, maana hospitali ile iko barabara kuu na malori yanapita. Mwenyekiti wao alikuja na wenzake watano, mzee wa makamo, mstaarabu, amekaa kimya muda wote tunaeleza habari ya mita 50, kuzima injini, kusimama upande upepo unakotoka, kupiga 114 kabla ya kupiga picha. Mwisho akanyoosha mkono akasema, "Sista, haya yote nimeelewa. Lakini vijana wangu wakiona mafuta yanamwagika na mimi nikasema kaeni mbali, wataniuliza mimi nani. Polisi akichelewa, mimi nina amri gani?"

Tukaangaliana. Afande aliyekuwepo akasema hilo atalipeleka kwa mkuu wake wa wilaya. Tulichofanya siku hiyo ni kumpa kizibao cha kung'aa kimoja, filimbi, utepe wa kuzuia barabara, na namba ya simu ya kituo, akasaini kwenye daftari, na tangu hapo kila kikao swali lake lipo namba moja kwenye ajenda na bado tunasubiri jibu kwa maandishi.